Mstari wa Pili

Fomu ina mistari sita.
Wa kwanza niliujaza tangu darasa la nne,
siku nilipofunga mguu wa mbuzi wetu kwa kipande cha sare:
nikachapwa kwa ajili ya sare,
mbuzi akapona.
Tiba na Upasuaji. Mkono haukutetemeka.

Wa pili ndio umenikalisha hapa
katika duka la Afeku la fotokopi, Arua mjini,
tangu umeme uliporudi saa tatu
mpaka sasa umekatika tena,
na kalamu yenyewe ni ya kuazima.

Mjomba Andama anasema mshika mbili moja humponyoka.
Fomu hii, mjomba, inanitaka nishike sita.
Mwalimu Asega wa bayolojia anashauri Famasia:
ukiteleza kileleni, angukia tawi la karibu.
Binamu yangu Onzima aliikosa nafasi kwa alama nusu,
anasomea Uuguzi huko Lira
na hapendi kuulizwa.
Mama, ambaye hakusoma ila hesabu anaijua,
alizihesabu nafasi kwa kidole chenye unga wa muhogo:
"Andika udaktari mara sita.
Makerere, Mbarara, Gulu, popote.
Ukibisha hodi usiku kucha, watafungua
angalau wapate usingizi."

Huenda ana haki.
Fizikia yangu ni ya kuvumiliana, kemia inanipenda.
Lakini kuna jambo sijawahi kulisema
tukiwa tumezunguka sinia la enyasa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Bibi aliketi kwenye benchi la hospitali ya mkoa
akamwambia daktari, kwa Kilugbara:
"Kuna mtu amekalia kifua changu tangu mavuno.
Nikilala, anaongeza uzito.
Nikikaa, ananihurumia kidogo."
Daktari alitoka mbali, kusini huko, hakuelewa hata neno.
Akanigeukia mimi.
Foleni ilikuwa ndefu, watu wanakohoa nyuma yetu,
nami nikaona haya kumleta mtu wa ajabu namna ile
ndani ya Kiingereza changu,
Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nikasema: amechoka.

Akaandika dawa ya kuongeza damu.
Mwandiko mzuri, ninaukumbuka.
Bibi alivimeza vyote, kwa adabu,
kimoja asubuhi, kimoja jioni,
na mtu yule hakushuka.

Leo namjua. Yumo katika kitabu cha Asega,
ukurasa wa mia mbili na kitu:
moyo ukishindwa kusukuma, maji hupanda mapafuni,
mgonjwa hawezi kulala chali.
Bibi alikuwa ameusoma ukurasa mzima
bila kuruka hata nukta.
Daktari alikuwa na masikio mazima.
Mlango katikati yao nilikuwa mimi,
na nilijifunga.

"Unaandika au unasinzia?" Afeku ananiuliza.
Namwambia: Lugha na Isimu.
Anacheka mpaka anashika mashine isiyo na umeme.
"Mtu wa kemia! Utamfundisha nani kusema?"
Kusema wanajua, Afeku.

Naandika polepole, herufi kubwa kama fomu inavyodai.
Wino unagoma kwenye S, naipitia mara ya pili.
Mstari wa tatu udaktari tena, kwa heshima ya mama,
na wa nne.
Wa tano sijui. Wa sita labda Famasia,
Mwalimu Asega asije akaniona mtovu wa shukrani.

Wakinifungia pale juu,
nitakaa miaka mitatu nikiokota, kijiji kwa kijiji,
kila namna ambayo mtu husema kifua chake kimekaliwa,
kisha nirudi kubisha nikiwa na mzigo huo kichwani.
Na wakinifungulia je?
Hapo ndipo kalamu inaposimama.
Maana darasani watanipa majina ya mifupa yote,
na benchi lile bado lipo,
na kuna mtoto amekaa mwishoni mwake, sare imefupika,
anasubiri kuulizwa nyanya yake anasemaje.